Kujifunza kuzungumza na mgonjwa: maswali na majibu kwa wanafunzi wa fani za afya

Je, kuzungumza vizuri na mgonjwa si kipaji ambacho mtu huzaliwa nacho?

Wapo watu walio wepesi wa kuzoeana na wengine tangu utotoni, lakini wepesi huo hautoshi. Mtu mchangamfu anaweza kumkatiza mgonjwa mara kwa mara bila kujua, na mtu mkimya anaweza kujifunza kuuliza swali moja, kunyamaza, kisha kulifuata jibu kwa makini. Mawasiliano mazuri yanajengwa na vitendo vidogo vinavyoonekana na kusikika: namna unavyojitambulisha, mahali unapoketi, swali unaloanza nalo, muda unaosubiri kabla ya kusema tena. Kwa kuwa vinaonekana, mkufunzi anaweza kuvisahihisha, na mwanafunzi anaweza kuvirudia hadi avizoee, sawasawa na anavyojifunza kupima shinikizo la damu.

Mgonjwa wa kuigiza ni nani?

Ni mtu aliyefundishwa kueleza maradhi fulani kwa namna ileile mbele ya kila mwanafunzi, pamoja na hofu na mambo ambayo mgonjwa wa kweli hayatoi mpaka aulizwe kwa upole. Daktari wa mishipa ya fahamu Howard Barrows alianza kutumia utaratibu huu mwaka 1963 huko Los Angeles, Marekani. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake huko Uskoti walichapisha maelezo ya mtihani wa vituo, ambapo wanafunzi huzunguka kutoka kituo kimoja hadi kingine na kupimwa kwa vigezo vilevile, na leo wagonjwa wa kuigiza hutumika sana katika mitihani ya aina hiyo. Kwangu mimi, thamani yao kubwa haimo katika mtihani bali katika mazoezi: mwanafunzi anaweza kukosea bila kumdhuru mtu, akasimamisha mazungumzo na kuuliza upya, kisha akasikia kutoka kwa aliyeketi upande wa pili jinsi maneno yake yalivyopokewa.

Mazoezi yaanzie wapi?

Yaanzie kwenye kusikiliza, hasa dakika 2 za mwanzo, kwa sababu hapo ndipo mengi hupotea. Utafiti wa Howard Beckman na Richard Frankel, uliochapishwa mwaka 1984, ulionyesha kwamba madaktari waliorekodiwa waliwakatiza wagonjwa baada ya wastani wa sekunde 18 tu tangu waanze kueleza shida yao. Wanafunzi wengi huhofia kwamba mgonjwa akiachwa huru atazungumza bila kikomo. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Uswisi na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba wagonjwa walioachwa waseme walimaliza wenyewe kwa wastani wa sekunde 92.

Fanyeni zoezi hili mkiwa watatu: mmoja awe mgonjwa, mmoja mtoa huduma, na wa tatu atazame huku ameshika saa. Mtoa huduma ajitambulishe kwa jina na kwamba yeye ni mwanafunzi, aombe ridhaa, kisha aulize, “Nini kimekuleta leo?” Baada ya hapo asiulize chochote mpaka mgonjwa atue mwenyewe, anaruhusiwa kuitikia kwa kichwa au kusema “endelea”. Mgonjwa akitua, swali linalofuata ni “Kuna jambo lingine?”, nalo lirudiwe mpaka jibu liwe hapana, kwa maana linalotajwa kwanza si lazima liwe ndilo linalomsumbua zaidi. Maswali ya ndiyo au hapana yana nafasi yake, lakini nafasi hiyo huja baadaye, unapotaka kuhakiki dalili moja moja.

Nitajuaje kwamba mgonjwa ameelewa maelezo yangu?

Si kwa kumuuliza “Umeelewa?” Karibu kila mtu atajibu ndiyo, ama kwa heshima, ama kwa aibu, ama kwa kuamini kweli kwamba ameelewa. Tazama mazungumzo haya kuhusu dawa za shinikizo la damu:

“Mzee, ningependa kujua kama nimekueleza vizuri. Ukifika nyumbani, utawaambiaje wenzako kuhusu dawa hizi?”

“Nitawaambia nimeze kidonge kimoja kila asubuhi, mpaka kichwa kiache kuuma.”

Mgonjwa ameshika kipimo na saa, lakini ameunganisha dawa na maumivu ya kichwa, hivyo ataiacha siku atakapojisikia nafuu, ilhali shinikizo la damu linaweza kuwa juu bila dalili yoyote. Kosa hilo lisingeonekana kwa swali la “Umeelewa?” Angalia pia kwamba mtoa huduma amejitwika mzigo wa kueleza vizuri, jambo linalomwondolea mgonjwa hisia ya kutahiniwa. Sasa aeleze upya kwa maneno mepesi, kisha aombe tena kuelezwa.

Je, ni vibaya kuandika mgonjwa anapozungumza?

Hapana, mradi umwambie kwamba unaandika, na uinue macho anapogusia jambo zito.

Habari mbaya nazo hufanyiwa mazoezi?

Ndiyo, na ni heri ukwame mbele ya mwigizaji kuliko mbele ya familia yenye majonzi. Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walichapisha mwaka 2000 utaratibu wa hatua 6: kuandaa mahali penye faragha, kuuliza mgonjwa anajua nini tayari, kuuliza angependa kujua kiasi gani, kutoa taarifa, kupokea hisia zake, na kupanga naye kinachofuata. Hatua inayowashinda wengi ni ya tano. Mgonjwa anapolia, mwanafunzi hukimbilia kueleza matibabu, kwa sababu ukimya unamwelemea yeye mwenyewe. Jizoeze kunyamaza, kisha useme jambo fupi kama “Naona habari hizi zimekuumiza sana”, na usubiri.

Mrejesho utolewe vipi ili usaidie?

Aliyefanya zoezi azungumze kwanza, ataje alichokusudia na mahali alipokwama. Kisha mtazamaji aeleze alichokiona na kukisikia, si hukumu juu ya tabia ya mtu. “Hukuwa na huruma” hakumpi mwenzako cha kurekebisha. “Alipotaja kifo cha dada yake, ulimuuliza papo hapo kuhusu kikohozi” kunampa. Baada ya hapo rudieni kipande hichohicho mara moja, mgonjwa akitamka sentensi ileile, ili marekebisho yajaribiwe yangali mapya. Kama mnarekodi, ombeni ridhaa ya wote, na kama mgonjwa ni wa kweli, rekodi ilindwe kama taarifa nyingine zote za siri za matibabu yake, naye aelezwe mapema kwamba akikataa, huduma yake haitabadilika.