Risasi tatu hazijakwambia kitu kuhusu bunduki yako

Nimeletewa tena ile picha. Karatasi, matundu matatu yamegusana, sarafu imewekwa kando ili tuone yalivyo madogo, na chini yake maneno yaleyale: "Nusu MOA, siku yoyote, nikitulia." MOA ni kipimo cha pembe: 1 MOA ni upana wa karibu milimita 29 kwenye mita 100, na wanaisema kuhusu upana wa kundi, yaani matundu ya risasi zilizolenga nukta moja. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa ili safari ijayo nitume kiungo tu.

Hiyo "siku yoyote" ndiyo inayoniudhi. Kama ni siku yoyote, mbona picha ni moja? Yako wapi makundi mengine ya asubuhi hiyohiyo? Yako kwenye pipa la taka, au kila moja lina maelezo yake: hili triga niliivuta vibaya, lile upepo uliruka, lile mtutu ulikuwa bado baridi. Risasi ya nne ikienda pembeni mnasema imepotea. Haijapotea, ndugu yangu. Imetoka kwenye mtutu uleule, kwa baruti ileile, kwenye bega lilelile. Kama hukutamka kwamba umeiharibu kabla hujaangalia imeangukia wapi, inahesabiwa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Upana wa kundi unapimwa kwa matundu mawili tu, yale yaliyoachana zaidi. Kila risasi unayoongeza inaweza kulipanua kundi, haiwezi kulipunguza. Kwa bunduki ileile na mlengaji yuleyule, kundi la risasi 10 kwa wastani lina upana wa karibu mara 1.6 ya kundi la risasi 3. Kwa hiyo hata kama nusu MOA yako ni wastani wa kweli, na si picha nzuri uliyochagua, ukipiga 10 tarajia 0.8 MOA. Na 0.8 MOA ni bunduki nzuri! Hakuna aliyekutukana.

Kibaya zaidi ni kuyumba. Bunduki ambayo makundi yake ya risasi 3 ni milimita 15 kwa wastani kwenye mita 100 inaweza kukupa 8, kisha 25, kisha 14, na hakuna kilichobadilika isipokuwa bahati. Mtu akipata 8 anatangaza kwamba amegundua kipimo sahihi cha baruti. Akipata 25 anafungua skrubu za darubini. (Nikiri kwamba hesabu hizi zinachukulia matundu yanatawanyika kwa duara safi. Mitutu halisi haitii hivyo kila mara, na sijui ni kiasi gani cha mtawanyiko wangu ni cha bunduki na kiasi gani ni cha kwangu. Sijaona njia ya kuaminika ya kututenganisha.)

Halafu kuna kalipa, kile kifaa cha kupimia upana wa kundi. Mnapima kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, kisha mnatoa kipenyo cha risasi, tuseme milimita 7.82 kwa risasi ya aina ya .308. Lakini tundu kwenye karatasi si pana kama risasi iliyolitoboa. Nyuzi za karatasi hurudi ndani, na ule mduara mweusi unaouona ni uchafu ulioachwa na risasi ikipita. Toboa karatasi kwa risasi moja, pima tundu hilo peke yake, utaona pungufu. Sasa ukipima matundu yaliyosinyaa halafu ukatoa kipenyo kizima, umejipunguzia kundi bure. Toa upana wa tundu moja safi kwenye karatasi hiyohiyo.

Najua jibu linalokuja: "Nikipiga 10 mtutu unapata moto." Nani kasema upige 10 mfululizo? Piga 3, acha upoe, piga 3 nyingine. Piga leo, malizia wiki ijayo, ila lenga nukta ya aina ileile na uandike kila tundu liko wapi ukilinganisha na nukta hiyo, kisha uyapandanishe yote kwenye karatasi moja. Kama kundi la leo limehama kushoto kwa la juzi, usilisogeze ili lipendeze. Huko kuhama ndiko utakakoishi nako siku ya mashindano.

Kuweka sifuri, yaani kurekebisha darubini ili risasi iangukie unapolenga, nako ni hivyohivyo. Bunduki inayotoa 1 MOA kwa risasi 10 ina kitovu ambacho risasi 3 zinaweza kukikosea kwa nusu ya mbofyo (hatua moja ya kirekebishi cha darubini) wa sentimita 1 kwenye mita 100, na mara mojamoja mbofyo mzima. Mtu anapiga 3, anasogeza mbofyo mmoja kulia. Anapiga 3, anarudisha kushoto. Baadaye anailaumu darubini kwamba haishiki.

Pimamaji juu ya darubini: weka. Bunduki ikiinama upande kwa nyuzi 1, ukiwa umeipandisha darubini miliradiani 10 (nacho ni kipimo cha pembe) kwa shabaha ya mbali, unakupeleka kando sentimita 17 kwenye mita 1000. Paralaksi, yaani alama ya kulengea kuonekana inahama jicho likihama: rekebisha mpaka alama iache kuogelea juu ya shabaha unaposogeza jicho. Tuendelee.

Kasi. Rada ndogo za kupima kasi ya risasi zimekuwa za kawaida, na sasa nasomewa mchepuko wastani (kasi zinavyotofautiana na wastani wake) wa risasi 5 kama aya ya msahafu. Kwa risasi 10, rada ikikuambia mchepuko ni mita 5 kwa sekunde, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 3.4 na 9.1. Kwa risasi 5, kati ya 3 na 14. Tofauti ya mita 10 kwa sekunde kwa .308 inashusha au kupandisha risasi takribani sentimita 30 hadi 40 kwenye mita 1000, hivyo ni jambo la kulijua. Lakini lijue kwa risasi za kutosha, la sivyo zima hiyo rada.

Tena, hizo risasi za kupigania nusu MOA zingefaa kwenye upepo. Kutoka 0.8 hadi 0.5 MOA kwenye mita 1000 unaokoa takribani sentimita 4 kila upande. Upepo wa kukata njia ukiukosea kwa mita 1 tu kwa sekunde, risasi ya aina ya 6.5 Creedmoor inahama karibu nusu mita kwenye umbali huohuo. Lala chini, sema kwa sauti makadirio yako ya upepo kabla ya kufyatua, yaandike, kisha linganisha na ilikoangukia. Inachosha na haina picha ya kutuma.

Najua wapo wanaojaza risasi wenyewe na kupanda ngazi ya baruti, yaani kuiongeza kidogokidogo, risasi moja au mbili kila hatua, wakitafuta sehemu ambayo kasi inatulia. Kila ninapomwomba mmoja arudie ngazi ileile, ile sehemu tulivu inahamia kwingine. Kwangu hiyo ni kelele ya namba. Shida ni kwamba baadhi yao wananishinda, na si mara moja. Nadhani ni kwa sababu wanasoma upepo kuliko mimi, ila hatujakutana mashindanoni mara za kutosha kulithibitisha hilo.