Mtege mwenzako kabla hajategwa na mwizi

Mwanzoni mwa mwaka 2015, wafanyakazi kadhaa wa Benki Kuu ya Bangladesh walipokea barua pepe ya adabu kutoka kwa mtu aliyejitambulisha kuwa anatafuta kazi. Aliwaomba wafungue kiungo wausome wasifu wake. Angalau mmoja alifungua. Wadukuzi wakaingia, wakajificha humo humo wakijifunza benki inavyofanya kazi, na Februari 2016 wakatuma maagizo ya kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka akaunti ya benki hiyo iliyoko New York. Walichagua usiku wa Alkhamisi, kwa kuwa Ijumaa Bangladesh ni mapumziko. Dola milioni 81 ziliishia Ufilipino. Milioni 20 nyengine, zilizoelekezwa Sri Lanka, ziliokolewa kwa sababu wezi walikosea herufi katika jina la mpokeaji na watu wa benki wakashituka.

Nakisimulia kisa hiki kila ninapofundisha usalama wa mtandao hapa Unguja na kule Pemba, kwa sababu kinaonyesha wezi walipitia wapi. Walipitia kwa muungwana aliyetaka kumsikiliza mtu anayeomba kazi, na ofisi zetu zimejaa watu wa namna hiyo. Hata saa ya hatari tunashirikiana na watu wa Bangladesh: Ijumaa ikikaribia saa sita, wengi wameshatia udhu, na aliyebaki mezani ndiye anayetumiwa ujumbe wa "lipa sasa hivi".

Tumezoea kupambana na hali hii kwa semina. Projekta inawashwa, mtaalamu anasoma slaidi, watu wanasaini mahudhurio, wanakunywa chai, kisha wanarudi kwenye kompyuta yenye karatasi ya neno la siri iliyobandikwa pembeni mwa kioo. Hilo si kosa lao. Hakuna aliyejua bao kwa kuhadithiwa. Alikaa, akaliwa kete, akanyanyuka, akarudi tena kesho yake. Na ulaghai wa mtandaoni mtu huujua kwa kulaghaiwa mahali ambapo hakuna kinachopotea.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walilijaribu jambo hili mwaka 2007. Walitengeneza mchezo wa kompyuta wa samaki mdogo anayekula chambo. Kila chambo kina anwani ya tovuti. Nyengine ni za kweli, nyengine zina ndoana ndani. Mchezaji anaamua ale au akatae, na samaki mkubwa anampa ushauri. Waliocheza walizitambua tovuti za uongo vizuri zaidi kuliko waliopewa maandishi ya kusoma. Sisi wa visiwani hatuhitaji kuelezwa ndoana ni nini.

Lakini mchezo ninaoupenda zaidi hauhitaji hata umeme. Ni vitendawili vyetu. Nawagawa watu makundi mawili. Kundi la kwanza linapewa karatasi na dakika kumi: andikeni ujumbe wa kumlaghai mwenzenu wa idara ya pili, kwa kutumia yale mnayoyajua juu ya ofisi hii. Kisha mmoja anasimama: "Kitendawili!" Wenzake wanaitikia: "Tega!" Anausoma. Kundi la pili linatafuta alama za uongo, likishindwa linatoa mji, na aliyetega anaueleza mtego wake hatua kwa hatua.

Hapo ndipo elimu inapopatikana, kwa sababu anayeandika mtego hugundua mwenyewe mwizi anahitaji nini: jina la bosi, haraka, na siri. Katika duru moja kijana aliandika ujumbe wa mkurugenzi akidai ankara ilipwe kabla ya mchana. Lugha ilinyooka, hata cheo kilikuwa sahihi. Mzee mmoja wa masjala akatikisa kichwa: "Huyu siye. Mkurugenzi wetu haandiki neno mpaka kwanza atoe salamu." Kompyuta isingeliona hilo. Siku hiyo yule mzee, ambaye huwa anaambiwa hajui mambo ya TEHAMA, ndiye aliyewafundisha wenzake.

Duru ya pili huwa ya anwani. Naandika ubaoni anwani za taasisi za serikali, zinazoishia .go.tz, na pembeni zile za kughushi: moja ina .go.tz katikati lakini inaendelea mpaka .com, nyengine imebadilisha nukta kuwa kistari. Kanuni ni kutazama maneno ya mwisho kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Hilo hujulikana kwa kurudiarudia tu.

Kwa watu wa hoteli za Nungwi, Paje na Kiwengwa naongeza mtego mmoja ambao Microsoft iliutolea tahadhari mwaka 2025. Dawati la mapokezi linapata barua inayojifanya imetoka Booking.com, kuhusu malalamiko ya mgeni. Kiungo kinafungua ukurasa unaosema "thibitisha wewe si roboti", halafu unaagiza: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, bandika, kisha bonyeza Enter. Anayetii anabandika amri ambayo ukurasa umeinakili kwa siri, na amekiendesha kirusi kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna tovuti ya halali inayothibitisha mtu kwa njia hiyo. Nawaomba wacheze kwa vitendo, kwenye kompyuta isiyounganishwa na chochote, ili mkono ujifunze kusita.

Sasa suala la pointi za michezo hii, na hapa nina msimamo mkali. Usimpe zawadi ambaye hakubonyeza kiungo. Mpe aliyetoa taarifa mwanzo, hata kama alibonyeza. Mfanyakazi anayeogopa kufokewa ataficha, na mwizi anapata siku nzima. Anayepiga simu kitengo cha TEHAMA ndani ya dakika tano anaokoa taasisi: kompyuta inatolewa kwenye mtandao, neno la siri linabadilishwa kwenye kompyuta nyengine, benki inaarifiwa. Ndiyo maana sikubali kabisa orodha ya "waliofeli" kubandikwa ukutani wala kutajwa kikaoni. Na ujumbe wa kitapeli unaoingia kwenye simu, ule wa "ile pesa itume kwenye namba hii", nao uwe na pointi zake: asiyefuta bali akaupeleka 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ahesabiwe.

Ukitaka kwenda mbali zaidi na kuwatumia wafanyakazi barua za majaribio bila kuwaarifu, pata kwanza kibali cha maandishi cha uongozi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Zanzibar pia, na kuingia kwenye mfumo wa watu bila ruhusa ni kosa hata ukisema ulikuwa unafundisha.

Na mkuu wa taasisi acheze. Asifungue mafunzo kisha akaondoka. Akae katika kundi, asikie jina lake linavyotumika kwenye mitego, kisha atamke mbele ya wahasibu wake kwamba yeye haagizi malipo kwa WhatsApp wala barua pepe peke yake, na kwamba anayepata agizo la namna hiyo ampigie kwa namba anayoijua, hata akiwa kikaoni, hata akiwa safarini.