Mtoto Kugeuka Akiitwa Si Ushahidi Kwamba Anasikia Maneno

Siku ya Usikivu Duniani, Machi 3, inapokaribia, foleni ya kliniki yetu ya masikio, pua na koo hurefuka, na hilo tunalishukuru. Ila safari hii wengi waliokuja si wageni. Ni watoto tuliokwisha kuwapima na kuwapa vifaa vya kusaidia kusikia, wakifuatana na wazazi wenye lalamiko moja: kifaa anacho, shuleni hasongi mbele. Barua za walimu nazo zina sentensi ambayo nimeichoka, niseme wazi: "Mtoto huyu husikia akitaka."

Hakuna mtoto anayesikia akitaka.

Hivi karibuni alikuja mama na kijana wake wa miaka sita. Mama alishikilia kwamba mtoto anasikia, akapiga makofi nyuma ya kichwa chake kunithibitishia. Mtoto akageuka. Nikachukua karatasi, nikaziba mdomo wangu, nikasema kwa sauti ya kawaida: "Usiguse kalamu." Mtoto akanyoosha mkono, akaichukua kalamu. Mama akacheka, "Unaona daktari alivyo mtundu?" Sikucheka. Mtoto alitii alichosikia, na alichosikia ni "uguse kalamu".

Mambo yako hivi. Irabu zetu, a, e, i, o, u, zina nguvu, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko chini, kwenye sauti nene. Sauti ya "s" ni hafifu na iko juu, kwenye sauti nyembamba, kuanzia kama hezi 4000 kwenda mbele (hezi ni kipimo cha unene na wembamba wa sauti), na huko ndiko watoto wengi wenye upungufu wa usikivu wanakopoteza zaidi. Kofi ni kishindo kinachobeba sauti za kila aina kwa pamoja, kwa hiyo mtoto atageuka hata kama hajawahi kuisikia "s" maishani. Sasa itazame lugha yetu: sehemu kubwa ya ukanushi wake tumeificha kwenye visauti dhaifu vya namna hiyo. "Usiende" ikikosa "si" inakuwa ruhusa. "Hataki" ikidondosha "h" inabaki "ataki", ambayo si kitu. "Fika" na "shika", "suka" na "shuka", kwake ni neno moja. Mtoto wa namna hii huchapwa kwa makatazo ambayo hayajawahi kumfikia, kisha anaitwa mkaidi, na mkoa mmoja nilikofanya kazi zamani aliitwa amerogwa.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mtaalamu si "Je, anasikia?" Uliza, "Sauti zote za maneno zinamfikia?" Ni maswali mawili tofauti kabisa.

Kwa walio na watoto wachanga sitarudia mengi. Lengo linalotambulika kimataifa ni mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na huduma ianze kabla ya miezi 6. Kipimo cha awali hufanyika akiwa amelala, hakiumi. Mtoto aliyelazwa kwa manjano makali, aliyechelewa kulia alipozaliwa, au aliyechomwa sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa muda mrefu asisubiri dalili. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe ndani ya wiki chache baada ya kupona, kwa sababu sikio la ndani linaweza kuanza kujaa mfupa, na hapo hata upandikizaji wa kifaa ndani ya sikio, huduma ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili iliianza mwaka 2017, unakuwa mgumu. Habari ya "ataongea tu, hata baba yake alichelewa" tafadhali iacheni.

Nirudi kwa wenye vifaa tayari. Kifaa hakiponyi sikio, wala si miwani ya sikio, ingawa nimesikia hata wenzetu wa afya wakisema hivyo. Kinakuza sauti, na kinakuza chochote kilicho karibu nacho. Sauti ya mwalimu hupungua takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu. Aliye mita moja kutoka ubaoni na aliye mita nane nyuma wanatofautiana desibeli kama 18, hapo bado hatujahesabu madawati yanayoburutwa, darasa la jirani linaloimba jedwali, na mvua juu ya bati. Mtoto huyu anahitaji sauti ya mwalimu izidi kelele kwa desibeli kama 15 ili apate maneno yote. Kumkalisha mbele ni mwanzo, lakini mbele huku mwalimu anaongea akiandika ubaoni, mgongo umewageukia, haisaidii kitu. Zipo maikrofoni ndogo ambazo mwalimu huvaa shingoni na sauti yake kwenda moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoto. Shule inayoweza kuipata, iipate. Isiyoweza, mwalimu asimame karibu, amalize kuandika ndipo aseme, na swali la mwanafunzi wa nyuma alirudie kabla ya kulijibu.

Nyumbani kosa kubwa ni kabati. Kifaa kinafungwa kwenye kitambaa kisiharibike, kinatolewa Jumapili na siku ya kliniki. Nakielewa kinachomsukuma mzazi, maana kifaa ni ghali. Lakini ubongo wa mtoto hujifunza lugha kwa saa anazosikia, na miaka mitatu ya kwanza hairudi. Kivaliwe toka anapoamka hadi anapolala, kivuliwe kuoga na kuogelea. Kikipiga miluzi usikizime wala usipunguze sauti. Mara nyingi maana yake ni kwamba kile kipande laini cha kuziba sikio kimekuwa kidogo, kwa sababu sikio la mtoto linakua. Kwa mtoto mchanga huenda kikabadilishwa kila baada ya miezi michache. Betri zile ndogo za duara, ukishabandua stika zimeanza kazi. Subiri kama dakika moja ndipo uzitie, na kuirudisha stika usiku hakuokoi chochote. Kwa joto na jasho la Pwani, usiku kifaa kilale ndani ya kopo lenye mfuniko pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, mlango wa betri ukiwa wazi.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo watu wanapozunguka bure. Anzia zahanati au kituo cha afya, siyo kwetu. Mganga atamtazama sikio kama lina nta au usaha, kwani hayo hutibiwa kwanza, kisha ataandika rufaa kwenda hospitali ya wilaya, nayo kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, na kutoka hapo kanda au taifa. Njoo na barua ya rufaa yenye muhuri na tarehe, kadi ya kliniki ya mtoto, majibu yote ya awali, na kadi ya bima kama ipo. Asiye na uwezo apite kwa mtendaji wa mtaa au kijiji kuchukua barua, aipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye ndiye hufanya tathmini ya msamaha. Daktari hatoi msamaha. Narudia, daktari hatoi msamaha, msitusubiri koridoni.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania, Sura ya 13, inampa mtoto haki ya matibabu na elimu, na inakataza kumbagua kwa ulemavu. Anayekiuka wajibu huo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Wajibu wa kwanza ni wa mzazi au mlezi. Sijawahi kuona mtu akifikishwa mahakamani kwa sababu ya betri, na sipendi kuona, ila kumficha mtoto ndani ni jambo jingine, na afisa ustawi wa jamii analazimika kulifuatilia.

Wapo watoto ambao hata kwa kifaa bora sauti za maneno hazitawafikia zote. Hao wanastahili lugha ya alama mapema, na wenye vifaa pia hawazuiwi kuijua. Haizuii mtoto kuongea. Na kiziwi si bubu, neno hilo liondoke kwenye fomu za shule.

Kila asubuhi, kabla ya sare na chai, fanya hivi. Simama mita mbili kutoka kwa mtoto, ziba mdomo kwa karatasi, toa sauti sita bila mpangilio, katikati ukinyamaza kidogo: mmm, uuu, iii, aaa, shhh, sss. Kwa kila moja ainue mkono. Jana alijibu sita, leo kajibu tano? Badili betri, safisha kijitundu cha kipande cha sikio, rudia. Bado ni tano? Mlete siku hiyohiyo, na uniambie ni ipi imekosekana.