Ngozi nyeusi haina njaa ya taa

Kauli ni ileile kila seti ya kupiga picha: “Dada ni mweusi sana, ongeza taa.” Taa zikiongezwa na picha bado mbaya, inafuata ya pili: “Basi mlete mbele yule wa maji ya kunde, anakaa vizuri kwenye kamera.” Kauli zote mbili ni makosa, na hiyo ya pili inawanyima watu kazi.

Chukua bibi harusi mweusi aliyevaa gauni jeupe. Kitambaa kinarudisha karibu asilimia 90 ya mwanga, ngozi yake tuseme 9. Tofauti ni mara kumi, yaani stopu tatu na kitu (kila stopu ni mwanga mara mbili), na sensa ya kamera ya leo inaibeba bila shida. Ukiongeza taa ya mbele, gauni nalo linapanda. Tofauti inabaki palepale. Kamera ikiwa kwenye oto, yaani inajipimia mwanga yenyewe, inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, uso unazama gizani. Iliyokosea ni mita, kile kipima mwanga cha kamera.

Hapa ndipo watu wanaponichosha, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwanga hurudi kutoka ngozini kwa njia mbili. Upo unaoingia ndani, ukapunguzwa na melanini, rangi asilia ya ngozi, ukatoka na rangi. Upo unaogonga juu tu na kuruka, kama mng'ao wa maji, takriban asilimia 4 ukiupiga uso kwa mbele, na huo haubagui mweusi wala mweupe. Kwa mtu mweupe mng'ao huo unapotea ndani ya weupe wa ngozi yenyewe. Kwa mtu mweusi ndio unaochora shavu, taya na paji la uso. Kinachotakiwa basi ni chanzo kikubwa kilichokaa kwenye pembe sahihi. Wingi wa wati hausaidii. Softiboksi (taa iliyofunikwa kitambaa cheupe kulainisha mwanga) ya sentimita 120, mita moja hadi moja na nusu kutoka usoni, ubavuni na nyuma kidogo, uisogeze taratibu mpaka uone mng'ao umetambaa shavu zima. Upande wa pili weka ubao mweupe, au hata shuka. Mtoe mtu ukutani mita mbili. Poda kavu usiipake, inaua mng'ao huo. Losheni nyepesi inatosha.

Mafuta mengi ni jambo jingine, na yana historia yake. Video za ngono za miaka ya 1980, za bajeti ndogo, zilipigwa kwa kamera zisizomudu tofauti kubwa za mwanga. Kamera inasogea karibu, kila kitu kinatakiwa kionekane, kwa hiyo taa inakaa kando ya lenzi au juu yake. Mwanga wa bapa, usio na vivuli. Mwili ukipakwa mafuta unang'aa vidoa vidoa, na fremu inakata paja, kiuno, kifua. Mtindo huohuo umejaa kwenye video za muziki. Sisemi zote zimeiga huko. Taa ya duara, inayoizunguka lenzi, ilitumika pia kwenye picha za mitindo na vipodozi. Ila tazama mtindo huo unavyomtenda mwanamke mweusi: mwili unawaka, uso unabaki giza bila umbo. Kisha watu wanasema sura yake haipendi kamera.

Filamu zenyewe, ile mikanda ya kamera za zamani, hazikuwa safi. Maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Miongoni mwa waliosukuma kampuni iboreshe rangi za kahawia walikuwa wateja wa matangazo ya chokoleti na samani za mbao. Nyuso za watu weusi zilikuwepo muda wote huo.

Kuhusu namba: ngozi nyeupe huwekwa IRE 60 hadi 70, kipimo cha mwangaza wa video ambacho 0 ni nyeusi na 100 ni nyeupe. Ukimpandisha mweusi hadi hapo anakuwa kama kapakwa majivu. Mimi huanzia 40 hadi 45 kwenye shavu, mng'ao nauacha ufike 70. Nakiri namba hizi zinayumba: ngozi moja yenye jasho na ileile iliyokauka hazisomeki sawa. Hata mstari wa ngozi kwenye vektaskopu (chombo cha kupimia rangi za video), unaofundishwa kama sheria, siuamini chini ya LED za bei rahisi zenye upungufu wa nyekundu. Uso unaweza kukaa juu ya mstari na bado ukaonekana mgonjwa. Hapo badilisha taa kabla hujagusa rangi kwenye kompyuta, kwa sababu nyekundu ambayo haikuingia kwenye lenzi huwezi kuirudisha.