Dau dogo halimaanishi hasara ndogo

Wengi waliozoea mikeka, yaani tiketi za kawaida za kubeti, huamini kwamba ukibeti pauni 5, utakachopoteza ni pauni 5 tu. Kwenye mkeka ni kweli. Kwenye kubeti kwa spredi, ambako dau huzidishwa kwa tofauti kati ya makadirio ya kampuni na matokeo, na kunakofanyika sana Uingereza, si kweli kabisa, na imani hiyo imewaumiza watu.

Chukua kriketi. Kampuni inakadiria timu itapata mikimbio (alama za kriketi) 310–320. Ukiona itapata zaidi, unanunua kwa 320. Ukiona itapata pungufu, unauza kwa 310. Zile pauni 5 ni za kila mkimbio mmoja. Umenunua, timu ikafika 350: unapata 30 mara 5, pauni 150. Wapigaji wake wakatolewa mapema, wote nje timu ikiwa na 180 tu: tofauti ni 140, unadaiwa pauni 700. Ndiyo maana shughuli hii husimamiwa na FCA, mamlaka ya huduma za fedha, na si tume ya michezo ya kubahatisha.

Kwenye soka hesabu inayojulikana ni ya kadi: njano pointi 10, nyekundu 25. Ukiuza jumla ya pointi hizo kwa 40 kisha mechi ikachafuka, kila kadi inakukamua.

Mbio za farasi hutofautiana kidogo. Soko likimpa mshindi pointi 50 na farasi aliyekosa nafasi za mbele pointi 0, ukinunua farasi kwa 14 hasara haipiti pointi 14. Aliyemuuza kwa 12 anaweza kupoteza 38.

Kabla ya kuthibitisha, zidisha dau kwa tofauti mbaya kuliko zote inayoweza kutokea.