Je, wajua? Bustani ya mji California hujengwa kwa deni ambalo mji haudaiwi

Juni 2018 wapiga kura wa California waliipitisha Hoja ya 68, iliyoiruhusu serikali ya jimbo kukopa dola bilioni 4 kwa kuuza hatifungani (hati za deni ambazo mnunuzi hurudishiwa fedha zake pamoja na riba), kwa ajili ya bustani za umma, maji na mazingira. Wengi wakisikia hivyo hudhani mji uliojengewa bustani ndio unaodaiwa, na wenye nyumba wake ndio wanaopandishiwa kodi.

Sivyo, ingawa dhana hiyo ina asili yake. Miji nayo huuza hatifungani, na zile zinazolipwa kwa kuongeza kodi ya majengo huhitaji theluthi mbili ya kura. Za jimbo hupita kwa zaidi ya nusu tu, na hulipwa kutoka mfuko mkuu wa serikali, unaotegemea hasa kodi za mapato na mauzo. Mpangaji wa chumba Los Angeles anachangia bustani ya Fresno asiyowahi kuikanyaga.

Tena kura yenyewe haileti hata senti. Chukua ukoo uliokaa kikao ukamruhusu mzee kukopa hadi kiasi fulani, aikarabati nyumba ya urithi. Siku ya kikao hakuna aliyeshika fedha. Mzee atakopa kidogokidogo kadiri ujenzi unavyokwenda, kwa kuwa riba huanza kuhesabiwa siku ya kukopa, si siku ya kuruhusiwa. Mjukuu atakayepewa chumba kipya hadaiwi chochote, deni ni la ukoo. Ila kukifagia ni juu yake.

Kufagia huko si jambo dogo. Mpango wa ruzuku za bustani chini ya Hoja ya 68 ulitoa kati ya dola 200,000 na milioni 8.5 kwa mradi, ukilenga hasa maeneo maskini au yenye chini ya ekari 3 za bustani kwa wakazi 1,000. Mji ukipokea, unajifunga kuitunza bustani kwa miaka 30, na mshahara wa mtunza bustani hautoki kwenye hatifungani.

Jimbo nalo lina mzigo wake: wachambuzi wa bunge walikadiria marejesho ya wastani wa dola milioni 200 kwa mwaka kwa miaka 40, karibu mara mbili ya mkopo. Ni makadirio tu, kwani riba hujulikana hatifungani zinapouzwa, na dola ya mwaka wa 40 itakuwa nyepesi kuliko ya leo.

Na kwa nini wananchi waulizwe? Katiba ya California ya 1849 iliizuia serikali kukopa zaidi ya dola 300,000 bila idhini yao, isipokuwa kwa dharura kama vita. Kiwango hicho hakijaguswa hadi leo. Kingetosha ruzuku moja ya kima cha chini, ikabaki chenji ya mabenchi.