Mhitimu wa usanifu wa michoro Mwanza: kazi ziko wapi na zinataka nini

Mhitimu wa usanifu wa michoro akikaa Mwanza kusubiri tangazo lililoandikwa "anahitajika dizaina", atasubiri sana. Kazi zipo, ila nyingi zimevaa majina mengine: afisa habari, afisa masoko, msaidizi wa mawasiliano, mwandaaji wa faili kiwandani, hata mhudumu wa steshenari. Nyingine hazitangazwi kabisa. Mtu anapigiwa simu kwa sababu kalenda aliyoitengeneza mwaka jana ilitoka mashineni bila kasoro. Katika soko la Kanda ya Ziwa anayelipwa vizuri ni yule anayeifuata kazi yake mpaka ichapwe, ikatwe, ibandikwe na imfikie mtumiaji mkononi. Chuo kinafundisha kufikiri na kupanga ukurasa. Hilo la kuifuata kazi mpaka mwisho wengi wanalikuta mtaani.

Ndiyo maana tunawasihi wahitimu wasiidharau miezi sita ya mwanzo kwenye nyumba ya uchapaji, hata kama cheo ni kidogo. Makosa ambayo skrini inayaficha, pale yanaonekana kwa macho. La kwanza ni rangi. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu; mashine hutumia wino wa aina nne, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi. Kijani kinachowaka na bluu iliyokolea sana havimo kwenye uwezo wa wino huo, kwa hiyo faili lililoandaliwa kwa rangi za skrini hutoka limefifia, na mteja anaona amedhulumiwa. La pili ni ukingo. Kisu cha kukatia karatasi hakiangukii mstari uleule kila mara; husogea kidogo. Rangi ya chini isipovuka mstari wa kukata kwa milimita 3 kila upande, kadi hubaki na uzi mweupe pembeni. Kadi ya biashara ya milimita 90 kwa 55 inaandaliwa basi kwa 96 kwa 61, na maandishi yote yanakaa ndani, angalau milimita 3 kutoka mahali pa kukata. La tatu ni maandishi madogo meusi. Yawe wino mweusi mtupu, asilimia 100. Yakichanganywa wino zote nne, karatasi ikisogea hata kidogo herufi zinaota kivuli cha rangi na hazisomeki.

Kabla faili halijaondoka kwako, geuza fonti ziwe maumbo. Kompyuta ya kiwandani isipokuwa na fonti yako itaweka nyingine bila kukuuliza. Nembo ambayo mteja ameituma WhatsApp kama picha imeshabanwa na haifai kuchapwa. Mwombe aitume kama dokumenti, la sivyo ichore upya kwa vekta, yaani mchoro wa mistari unaokuzwa bila kupoteza ubora. Picha ya kujaza ukurasa wa A4 kwa pikseli 300 kwa inchi inataka pikseli 2,480 kwa 3,508. Bango la mita 3 kwa 2 linalosomwa kutoka ng'ambo ya barabara halihitaji kiasi hicho. Pikseli 72 hadi 100 kwa inchi zinatosha, na ukilazimisha 300 kompyuta itagoma.

Lebo ya dagaa, kwa mfano

Vifungashio ndiyo sehemu tunayoamini ina nafasi kubwa kuliko zote kwa kijana wa ukanda huu, na bado wachache wanaifanya kwa ustadi. Nenda soko la Mwaloni, Kirumba, uone magunia ya dagaa yakipakiwa kwenda mikoani. Dagaa huyohuyo akikaushwa juu ya vichanja, akasafishwa na kuwekwa kwenye mfuko wa gramu 250, anahitaji lebo, na lebo hiyo ina masharti mengi kuliko bango lolote.

Anza na dagaa mwenyewe. Ana mafuta, na mafuta hayo huchacha yakipigwa na mwanga na hewa. Mzalishaji karibu kila mara ataomba dirisha kubwa la wazi ili mnunuzi amwone samaki. Mweleze kuwa dirisha hilo linaharibu bidhaa ikiwa rafuni; likiwepo, liwe dogo na liwe upande wa nyuma. Mfuko wa karatasi peke yake unalowa mafuta, na stika ya karatasi inabanduka juu yake, kwa hiyo chagua stika ya plastiki. Dagaa mkavu ana ncha kali zinazotoboa plastiki nyembamba. Pendekeza mfuko wenye tabaka zaidi ya moja, unaosimama wenyewe na wenye zipu.

Halafu maandishi. Jina la bidhaa, uzito halisi bila mfuko, viambato, jina na anuani ya mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na namna ya kuhifadhi. Usiandike kwamba dagaa anatibu ugonjwa fulani hata mteja akisisitiza. Usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019, na huko ndiko lebo itakakokaguliwa. Alama ya ubora ya TBS isiwekwe mpaka mteja awe na leseni ya kuitumia. "Iweke tu, tutaipata" ni maneno yanayosikika mara kwa mara. Mwisho wake ni mzigo mzima wa lebo kutupwa na mteja kuingia matatani na sheria.

Tarehe hugongwa kwa muhuri au mashine ndogo siku ya kufungasha, kwa hiyo acha kisanduku cheupe kisichopakwa utando wa kung'aa. Wino wa muhuri juu ya utando huo haukauki. Unafutika kwa kidole, na duka kubwa litarudisha mzigo. Hili ni jambo dogo sana kwenye skrini, lakini limeangusha lebo nyingi nzuri.

Msimbo wa mistari nao una vipimo vyake. Namba zinazotolewa na GS1 Tanzania huanza na 620. Kipimo cha kawaida cha msimbo wa tarakimu 13 ni milimita 37.29 kwa 25.93 pamoja na nafasi tupu za pembeni, na unaweza kupunguzwa hadi asilimia 80 tu, yaani takribani milimita 30 kwa 21. Dizaina akiukata zaidi ili nembo ipate nafasi, mashine ya kaunta haitausoma. Mistari iwe myeusi au bluu nzito juu ya nyeupe. Mistari myekundu haisomeki, kwa kuwa mashine nyingi humulika kwa mwanga mwekundu na kwao wekundu huo ni sawa na weupe. Usiuweke kwenye mshono wala mkunjo wa mfuko.

Viwanda vya minofu ya sangara vina hitaji la aina nyingine. Maboksi ya kusafirisha huchapwa kwa rangi moja au mbili juu ya kadibodi yenye mawimbi ndani, ambapo mistari myembamba na herufi ndogo hujaa wino na kuziba. Boksi la kwenda Ulaya lazima lionyeshe, pamoja na mengine, jina la kisayansi la samaki, Lates niloticus, ziwa na nchi alikovuliwa, na namba ya kiwanda kilichoidhinishwa. Kosa la herufi moja hapo linaweza kuzuia shehena. Anayezijua taarifa hizi anaajirika kitengo cha ubora au cha masoko.

Ajira za ofisini, na kazi za mtaani

Kwa taasisi za umma, matangazo hupita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Soma majukumu, usiishie kwenye cheo: penye "kuandaa machapisho" au "kusimamia tovuti na mitandao ya kijamii" kazi yako imo. Hospitali kubwa, vyuo, mamlaka za maji na mashirika ya maendeleo hutoa ripoti za mwaka, na mwenye kujua kupanga kijitabu anapata nafasi. Kumbuka kijitabu cha kubanwa pini katikati lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4. Kurasa 30 haziwezekani, ni 28 au 32. Ukilinganisha mshahara wa kuajiriwa na kipato cha kujitegemea, usisahau kwamba mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu (HESLB) aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Fulana, vikombe, stika za bajaji na daladala, kadi za michango ya harusi, ratiba za mazishi: hizi ndizo zinazolipa kodi ya chumba. Fulana ya kuhamisha picha kwa joto hutaka nyuzi 180 hadi 200 kwa sekunde 45 hadi 60, na kitambaa kiwe polista chenye rangi nyepesi. Kwenye pamba wino haushiki. Unaondoka kwa kufua. Stika ya gari ibandikwe kivulini, baada ya kufuta bodi kwa spiriti. Mitumbwi ya mbao ni ya rangi na brashi. Stika haivumilii maji na msuguano wa mchangani.

Kazi za nje ya nchi kupitia intaneti zinawezekana, hasa usanifu wa kurasa za programu za simu. Kabla hujakubali kazi, hakikisha fedha zina njia ya kukufikia Tanzania na makato yake ni kiasi gani.

Jalada la kazi zako liwe na kazi 8 hadi 12, zisizidi. Ziwe kwenye PDF moja chini ya megabaiti 10, na mbili kati yake zionyeshe safari nzima: ombi la mteja, michoro ya kwanza, iliyokataliwa na sababu yake, na picha ya bidhaa iliyokwisha kuchapwa. Picha halisi ya mfuko ukiwa dukani ina nguvu kuliko mfano wa kompyuta.

Bei ihesabiwe. Tuchukulie unahitaji shilingi 800,000 kwa mwezi kwa chakula, pango, umeme, bando na kompyuta. Siku 22 za kazi kwa saa 8 ni saa 176, na nusu yake huishia kutafuta wateja, kufuatilia malipo na kusubiri mashine. Zinabaki 88, kwa hiyo kila saa ni kama 9,100. Lebo ya saa 12 haishuki chini ya 109,200, na gharama ya kuchapa iandikwe kwenye mstari wake katika ankara. Chukua nusu kabla ya kuanza, kubali masahihisho mara mbili, na muandikiane nani atamiliki faili la asili.

Pata namba ya mlipa kodi (TIN), sajili jina la biashara BRELA, na ukitaka zabuni za serikali jiandikishe kwenye mfumo wa ununuzi wa NeST. Kampuni ikikukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye huduma, dai cheti chake, kwani kiasi hicho huhesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Mikopo ya halmashauri, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, hutenga asilimia 4 kwa vijana, nayo inaweza kununua plota (mashine ya kukata stika) ya kuanzia.

Mteja asaini sampuli iliyochapwa kabla ya kazi kubwa, akisoma namba ya simu tarakimu kwa tarakimu. Itunze sampuli hiyo kwenye bahasha, nyuma yake ukiandika jina la faili, tarehe, uzito wa karatasi na mashine iliyotumika, maana akirudi baada ya mwaka atataka rangi ileile.